Mita za Kwanza Kando ya Lami Tuwaachie Wauza Miche

Jumamosi iliyopita nilimkuta mama ninayenunua mboga kwake akikata sukuma wiki kwenye kishamba chake kando ya Kangundo Road, Nairobi. Kutoka tuta la kwanza hadi ukingo wa lami ni kama hatua nne. Matatu ikipita, majani yanatikisika. Nilipoziloweka nyumbani, maji yaligeuka kijivu na chini ya beseni likabaki tope laini jeusi. Wanangu wamekula mboga za pale tangu waanze kula ugali.

Wengi tunalaumu moshi. Mimi naogopa zaidi kile kinachobaki moshi ukishapeperuka. Kenya iliachana na petroli yenye risasi, ile metali nzito yenye sumu, mwanzoni mwa 2006, na 2021 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Gigiri, likatangaza kuwa hakuna nchi inayoiuza tena kwa magari. Ulikuwa ushindi mkubwa. Ila risasi haiozi. Hushikamana na udongo wa juu, ule ule tunaoulima kwa jembe, na inaweza kukaa humo mamia ya miaka. Barabara kongwe kama Jogoo Road zilipitisha magari ya petroli hiyo kwa miongo mingi.

Na magari ya leo bado yanamwaga metali zao. Mpira wa tairi una zinki, na zinki mara nyingi huandamana na kadimi kidogo, metali nyingine yenye sumu. Breki zikisagika hutoa shaba. Hata basi la umeme lina tairi. Vumbi hilo hutua kwa wingi karibu na lami, kisha hupungua haraka kadiri unavyoingia ndani ya shamba.

Kwenye jani la mboga, risasi nyingi huwa ni vumbi lililogandia nje, kwa hiyo kuosha kwa maji mengi kunasaidia sana. Kadimi ni balaa jingine: mzizi huinyonya ikapanda hadi kwenye jani, na spinachi ni hodari wa kuibeba. Hiyo huioshi ikatoka. Hukaa kwenye figo kwa miaka na miaka. Kuhusu risasi, Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye ubongo wake bado unakua.

Sitaki mtu asome haya akakimbilia kutuma askari wa kaunti wafyeke mboga za akina mama. Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini tangu 2015. Kaunti ianze kwa kuwapimia wakulima udongo bila malipo, risasi na kadimi zikiwemo, si rutuba peke yake. Mita za kwanza kando ya lami wapewe wauza miche na maua. Tayari wamejaa kando ya barabara zetu, na bidhaa yao hailiwi. Majani ya nepia ya kulisha mifugo pale sikubali, maana ng'ombe atayala na sisi tutanywa maziwa. Nyuma ya miche upandwe ua mnene wa kukinga vumbi, ndipo mahindi na maharagwe yafuate, kwa kuwa punje hazibebi metali hizi kama majani. Sukuma wiki iwe mwisho kabisa, kwenye udongo uliotiwa samadi iliyoiva, na chokaa pale penye asidi, ili metali zishikwe zisipande kirahisi.

Nilipomweleza mama yule, aliniuliza, "Sukuma watu hununua kila siku, mwanangu. Maua nitamuuzia nani kila siku?"

Swali lake ni la haki, na ndiyo sababu mzigo huu hauwezi kuwa wake peke yake. Kishamba chake kina urefu wa kutosha kurudisha sukuma nyuma. Anachokosa ni mtaji wa miche na mtu wa kumwambia udongo wake una nini. Hayo mawili kaunti inaweza kumpa kabla ya mvua za masika.