Matope ya Islii yalikuwepo kabla yetu sote

Juzi nimepanda matatu ya namba 9 kutoka tao, katikati ya Nairobi, kwenda Islii (Eastleigh), mvua imenyesha tangu alfajiri, na jamaa mmoja mbele yangu akaangalia nje kwa dirisha akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, ati Islii ilikuwa mtaa msafi mpaka Wasomali walipokuja wakauharibu. Watu wawili watatu wakaitikia. Kando yangu kulikuwa na mama wa Kisomali amempakata mtoto, hakusema neno, akamfunika tu mtoto vizuri na mtandio. Mimi pia sikusema kitu na hilo ndo linaniuma mpaka leo.

Sasa wacha niseme hapa.

Kwanza nyanya yangu. Aliishi Majengo, na miaka ya hamsini alikuwa anafulia nguo familia moja ya Kihindi kule Islii Section 2. Alitusimulia mara nyingi sana, msimu wa mvua alikuwa anatoka nyumbani pekupeku, viatu ameshika mkononi, akifika anaomba maji kwa mlango anawe miguu ndo avae aingie. Miaka ya hamsini! Garissa Lodge, ile gesti iliyogeuzwa maduka ya Wasomali, haikuwepo, mkimbizi wa vita vya Somalia vya 1991 hakuwa amezaliwa hata, mtaa ulikuwa wa Wahindi na Wagoa na zile familia za Kisomali za zamani zilizokuja na Wazungu enzi za safari za ngamia na punda, na matope yalikuwa haya haya.

Yalitoka wapi? Watu wengi hawajui kwamba Islii haikuzaliwa ndani ya Nairobi. Zilikuwa sehemu mbili, Nairobi East na Egerton Estate, na 1921 serikali ya mkoloni ikaziunganisha ikawa township moja inaitwa Eastleigh, nje ya mpaka wa manispaa. Na Muthaiga, mtaa wa Wazungu matajiri, pia wakati huo huo ilikuwa nje, township yake peke yake na klabu yake iliyofunguliwa mkesha wa mwaka mpya 1913. Simama Juja Road uangalie ng'ambo ya Thika Road utaona ninachosema, kati ya hizi mbili ni bonde la Mathare tu. Zilikuwa jirani, zote za pembeni ya mji.

Lakini Muthaiga ilipata mwinuko, udongo mwekundu unaonyonya maji na ile miti yenyewe iliyoipa jina, ambayo Mkikuyu aliitumia kama dawa. Islii ikapata tambarare na ule udongo mweusi ambao ukinyeshewa unanata kwa kiatu mpaka unakuvua. Na haikutokea hivyo kwa bahati. Tauni ilipopiga bazaar, soko la Wahindi, mji ukaanza kuongea habari ya kutenganisha watu, na 1913 akaja profesa Simpson, mtaalamu wa afya, na kwa ripoti yake akapendekeza mji ugawanywe kwa rangi. Waraka wa Devonshire wa 1923, wa serikali ya Uingereza, ulikataa ubaguzi wa kisheria wa makazi ya mjini, sawa, ila hati za ploti kule juu zilikuwa na masharti yake na bei yake, kwa hivyo karani wa reli wa Kihindi mwenye pesa yake halali anayetaka kujenga angeenda wapi? Aliteremka. Akanunua Islii. Mtu alikuwa amekaa mahali akachora mistari kwa karatasi, ploti baada ya ploti, barabara zikapewa namba tu, First Avenue, Second Avenue, na street zikahesabiwa mpaka leo tunasema nipatie Eighth Street. Mistari ilikuwepo. Mitaro haikuja nayo.

Halafu akaletwa jaji kutoka Afrika Kusini, Richard Feetham, kuangalia mambo ya serikali za mitaa. Ripoti ikatoka 1927, na 1928 mpaka wa Nairobi ukasukumwa, Muthaiga ndani, Islii ndani. Karen na Lang'ata zikaachwa nje mpaka 1963. Hapa ndo nataka tusikilizane, manake hapa ndo kiini. Siku hiyo township mbili ziliingia kwa mlango mmoja, kwa baraza moja, lakini hazikuingia na sauti sawa. Wazungu ndo walikuwa wengi kwa viti. Wahindi walikaa wachache. Waafrika, ambao Pumwani yao iko hatua chache tu kutoka Islii, hawakuwa na hata mmoja, mpaka 1946 ndo wa kwanza akateuliwa, kuteuliwa jamani, sio kuchaguliwa. Sasa niambie, pesa ya lami na maji taka inagawanywa na watu gani? Mtu anayeishi Muthaiga akiinua mkono kule barazani, anainulia barabara gani?

Kodi ya ploti ya Islii ililipwa. Hilo lisisahaulike. Wenye ploti walilipa miaka na mikaka, na Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, akatua hapo Islii, manake uwanja wa ndege wa Nairobi ulikuwa huko kabla ya Embakasi kufunguliwa 1958. Ndege za dunia nzima zilikuwa zinashuka Islii, na miaka hiyo hiyo nyanya yangu anatembea na viatu mkononi.

Haya, najua mtaniambia nini. Kwamba mkoloni ameenda 1963 na sisi tumekuwa na meya wetu tangu Charles Rubia 1962, kwa hivyo tuache kulia. Nakubali, na kwa kweli kanjo ya kwetu, yaani baraza la jiji, ina deni kubwa kuliko ile ya mkoloni manake sisi tulijua. Na ndio, kuna wafanyabiashara wanaotupa makatoni kwa mtaro, na ghorofa zimejengwa juu ya mabomba yaliyowekwa kwa nyumba ya familia moja. Nimeyaona. Lakini mabomba hayo yaliwekwa madogo na mtu mwingine, na aliyekuja na mtoto mgongoni akikimbia vita hakukuta mtaa msafi akauchafua. Alikuta mtaa ambao miaka sabini ulikuwa unalipa na haulipwi, akafungua duka kwa chumba cha kulala, na leo Kenya nzima inanunua nguo huko.

Wewe jamaa wa namba 9, kama unasoma hii, wewe ulishuka First Avenue kama mimi. Mahali tulishukia kuna mama wa chai amepanga mawe matano kwa maji ili watu wavuke. Hakuna aliyemtuma. Wewe ulivukia hapo, nilikuona, na yule mama wa mtandio alikuwa nyuma yako.