Besi Haina Kwao

Nina sabufa ya gari, ile spika ya besi, ya inchi 12. Tangu niinunue imepiga dakika tatu tu, na hizo dakika tatu nitawasimulia, ila kwanza nimalizane na fundi.

Fundi wangu yuko Mabatini, hapa Mwanza. Kijana mzuri, mkono mwepesi, tatizo lake anaongea kama mwalimu wa fizikia aliyekosa darasa. Nilimpelekea gari langu, Toyota IST, nikamuuliza swali dogo: hiki kitu tukifunge wapi? Akacheka. "Mzee, besi haina kwao. Funga popote." Akanieleza kwamba sauti nyembamba sikio linajua inakotokea, ndiyo maana twita hufungwa juu, zikutazame usoni. Lakini zile nzito, kuanzia hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, kushuka chini, sikio halishiki zinatoka upande gani. Wimbi moja la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na IST nzima, bampa kwa bampa, haifiki mita 4. "Sasa wimbi hilo litajibanza wapi humo ndani? Litajaa tu. Popote, mzee wangu!"

Popote! Nikatoka pale nina raha kama nimeokota hela. Nilipofika Buzuruga ndipo nikakumbuka kwamba fundi hajaoa.

Maana katika gari langu hakuna mahali panapoitwa popote. Kila kona ina mwenyewe, na hati anayo. Buti ni la mama Kulwa. Alinitamkia hivyo siku gari linaingia nyumbani, hata injini sijazima. Yeye anauza dagaa. Alfajiri tunashuka Mwaloni Kirumba, tunapakia magunia, tunapanda nayo. Nikamwendea kwa upole: mama Kulwa, naomba kona moja tu ya buti. Akaniuliza, "Hilo boksi litatuingizia shilingi ngapi kwa wiki?" Nikaanza kuongelea mvua.

Siti ya nyuma ni ya Kulwa na Doto, na mpaka wao wameuchora kwa kalamu ya wino, hautoki hata kwa sabuni. Chini ya siti yangu? Zipo sabufa bapa za inchi 8 zinazoingia pale bila kumsumbua mtu. Niliziona dukani. Nikaziona kama sinia, nikasema mwanaume mzima wa jiji la miamba siwezi kupiga muziki kwa sinia. Ujinga mwingine mtu haupewi, anaununua mwenyewe, tena taslimu.

Na boksi lenyewe sasa. Yako maboksi yaliyozibwa kabisa, mdundo wake mkavu, hayana makuu. Na yako yenye tundu, yanayopumua. Hayo yanavuma zaidi ila yanataka nafasi. Mimi nikachukua lenye tundu, nataka ule upepo. Tundu lile upana wake ni sawasawa na mkono wa mtoto wa miaka sita. Kwa siku mbili boksi lilizokaa sebuleni, Doto alishahifadhi humo kijiko, rimoti ya TV, na dagaa kadhaa kwa ajili ya paka. Paka akahamia. Analala pua iko tunduni, ukimtoa anakutazama kama wewe ndiye mgeni.

Mtaa ulipojua, kila mtu akawa injinia. Jirani mwenye Noah akasema elekeza spika nyuma, igonge mlango wa buti, sauti irudi mbele ikiwa imeshiba. (Nasikitika kusema alikuwa sahihi. Gari lenye buti lililo wazi hadi ndani kama IST ndivyo linavyovuma vizuri.) Mwingine akasema elekeza juu. Bodaboda wa kijiweni petu akashauri keria, juu ya paa, "watu wasikie." Huyo simlaumu, alikuwa anafikiria gari la matangazo.

Lakini Mungu si Athumani. Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi wanapumzika. Wavuvi wakipumzika, magunia yanapumzika, na buti la mama Kulwa linabaki na harufu tu. Mimi kumbe nilikuwa nasubiri mwezi kama mganga. Jumamosi mwezi umejaa, nikawahi Mabatini.

Waya wa moto ukatoka kwenye betri huku mbele, ukawekewa fyuzi papo hapo karibu na betri, ukapitishwa chini ya zulia upande wa kulia. Waya wa sauti ukapita kushoto. Fundi alisema zikilala pamoja nitasikia injini inalia kwenye spika kama mbu. Waya wa ethi akakwangua rangi ya gari mpaka chuma kikang'aa, akaukaza kwa nati. Moyo uliniuma kwa ile rangi. Akanionya kwamba amplifaya ya wati 500 kwa volti 12 inavuta zaidi ya ampea 40, kwa hiyo usiku, kila ngoma ikipigwa, taa zitakuwa zinakonyeza. Nikamwambia fundi, na trafiki wa Buhongwa akidhani namkonyeza yeye? Hakujibu. Akalishindilia boksi kwenye sakafu ya buti, skrubu nne ndefu, za nyota. "Hapa hata ukipinduka, mzee, boksi halitoki."

Jumapili nikatumwa Sengerema kumchukua mama mkwe. Zamani kivuko cha Busisi kilikuwa rafiki yangu: mkwe akisema anakuja, foleni ya pantoni ilinipa muda wa kupiga deki na kuficha chupa. Tangu daraja lifunguliwe 2025, mkwe anaweza kukufikia simu haijakatika vizuri.

Ila siku ile nililipenda lile daraja. Nilikuwa peke yangu. Kilomita tatu zimenyooka, ziwa kushoto, ziwa kulia, vioo nimepandisha, mwendo wa sitini. Nikafungulia. Jamani! Shati lilitikisika na upepo haupo. Namba ya gari huko nyuma ikaanza kuitikia kiitikio. Kioo cha kati kikatetemeka hadi magari ya nyuma yangu nikayaona manne wakati lilikuwa moja. Nilikuwa nakaribia kulia. Kisha Busisi ikafika, na raha yangu ikaishia pale.

Kurudi, mama mkwe yuko siti ya nyuma, shikamoo imeshapita, na mkwe huwezi kumpigia besi mgongoni. Redio nikazima kabisa. Tunakaribia Usagara, nikasikia gari linachechemea. Pancha.

Spea ya IST, kwa wasiojua, inakaa chini ya sakafu ya buti. Na juu ya sakafu ya buti, kwa skrubu nne za nyota, kilikaa kitu kisichotoka hata ukipinduka. Jeki ninayo. Spana ya magurudumu ninayo. Bisibisi ya nyota sina. Nilisimamisha lori, nikasimamisha Probox, nikaazima kisu cha mama anayeuza nanasi. Dakika arobaini na tano jua la saa saba, mkwe amesimama kando ya lami na mwavuli, hasemi kitu, na mkwe asiyesema kitu ni mzito kuliko anayesema.

Boksi lilipotoka nikaliweka pembeni ya barabara. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amelikalia. Magoti yamekunjika vizuri, mgongo umenyooka, anaitikia salamu za wapita njia.

Hiyo ni wiki ya pili sasa. Mwezi umefifia, magunia yamerudi butini, sabufa imerudi sebuleni, na mama mkwe hajakaa kwenye kochi hata siku moja. Kochi linamzamisha, anasema, akikaa kuinuka ni kesi. Jana jioni akaniita.

"Baba, hiki kigoda mmekinunua wapi? Magoti yangu yamekipenda."

Nikameza mate. Ningesema nini? Nikasema, "Mama, hicho ni chako."

"Basi nitaondoka nacho Jumamosi. Ila gari lenu dogo, sijui kama litakibeba."

Mama Kulwa akatokea jikoni anajifuta mikono kwenye kanga. "Kwa nini lisikibebe, mama? Magunia yatasubiri. Buti lote lile si lipo?"