Saa kumi na moja ya baba mdogo

Baba mdogo alikwenda Mumbai kununua vitambaa vya gomesi, vazi la wanawake wa Uganda. Kabla ya kurudi akamtumia mama mdogo ujumbe: "Nafika Entebbe saa kumi na moja. Njooni wote, mizigo ni mingi."

Mama mdogo hakuuliza saa kumi na moja ipi. Kwake hiyo ni alfajiri, basi. Usiku wa manane tukatoka Bombo na taksi ya kukodi, sufuria ya pilau kaifunga kwa kitenge na kuipakata. Picha ya tiketi ilikuwa kwenye simu yake, ambayo hakuiwasha mpaka tulipofika, isije ikamaliza chaji.

Akaiwasha. Kuondoka Mumbai 07:30, kufika Entebbe 11:00.

Hiyo ni saa tano asubuhi. Tiketi huhesabu kuanzia katikati ya usiku, sisi twahesabu tangu macheo. Kabla ya 07:00 ongeza sita; kuanzia hapo toa sita, jibu likifika kumi na tatu, toa kumi na mbili tena. 20:00 inakuwa saa mbili usiku.

"Lakini mbona safari ni fupi hivi?" dereva akadaka. "Alipokwenda iliandikwa 20:00 mpaka 04:30, saa nane na nusu. Hii ni saa tatu na nusu tu!" Akafikiri kidogo. "Aa. Kurudi ni mteremko."

Gari zima likaitikia, na mama mdogo akasema ndiyo maana Wahindi walifika huku mapema.

Umbali ni uleule, kama kilomita 4,900 kwa mstari wa anga. Jeti ikishatulia juu hukata kilomita 850 hadi 900 kwa saa. Ongeza kupaa na kushuka, unapata karibu saa sita kwenda na saa sita kurudi, upepo ukipunguza au kuongeza dakika kadhaa. Kinachocheza ni saa za ukutani. Saa ya India imefungwa kwenye longitudo ya digrii 82.5 mashariki, yetu kwenye 45, na kila digrii 15 ni saa moja. Kwa hiyo wametutangulia saa mbili na nusu. Kwenda unaziongeza, kurudi unazitoa. Hiyo nusu ndiyo inayowaponza watu.

Yaani alfajiri ile tunapiga breki Entebbe, Mumbai ilikuwa 07:30. Ndege ya baba mdogo ndiyo kwanza ilikuwa inaondoka.

Saa moja asubuhi kitenge kikafunguliwa, "tuonje tu." Saa tatu ilibaki ukoko.

Ndege ikatua saa tano kamili. Abiria wote wakatoka, baba mdogo hayumo. Kumbe alikuwa ndani anadai fidia! Saa yake mpya ya mkononi, ya tarakimu, ilisoma 13:30, na tiketi inasema 11:00: ndege imechelewa saa mbili na nusu. Mfanyakazi alimweleza mara kadhaa kwamba kila saa kwenye tiketi ni ya mji unaotajwa pembeni yake, ya kuondoka ni ya Mumbai, ya kufika ni ya Entebbe. Alitoka amenuna, mkokoteni wa mizigo unalia gurudumu moja.

Dereva akampa risiti ya maegesho, inayohesabu tangu alfajiri. Baba mdogo akaiangalia, akaangalia tiketi, akasema atalipia saa tatu na nusu tu, kwa kuwa ndizo safari iliyochukua.