Hodi ya Usiku

Kwetu mtu akibisha hodi, karibu hutangulia. Unajibu ukiwa jikoni, mikono ina unga, hata hujajua ni nani. Tangu nitazame Sinners wiki mbili zilizopita nimeacha. Sasa nauliza kwanza, "Nani?" Mama ameshasema mjini kumenifundisha utovu wa adabu.

Muvi yenyewe ni ya Ryan Coogler, ya 2025. Mississippi, mwaka 1932: mapacha wawili, wote Michael B. Jordan, wanarudi kutoka Chicago na hela za uhuni, wananunua kiwanda kikuukuu cha mbao na kukigeuza ukumbi wa dansi wa weusi wenzao. Usiku wa ufunguzi wakatokea wanyonya damu. Sisi mumiani wetu, kwa zile hadithi za wazee, hakuwa na adabu kabisa, alikukamata tu njiani. Hawa wana masharti: hawavuki kizingiti mpaka wakaribishwe.

Sasa sikia. Bawabu wa ukumbi, pande la mtu, anatoka nje kwenda haja ndogo. Anarudi, anasimama mlangoni, anataka kuingia. Sauti ni yake, sura ni yake, na mlango uko wazi. Lakini haingii. Anabembeleza, anatania, ananung'unika kwamba wanamsimamisha nje kama mgeni. Annie, mganga wa mitishamba, ndiye anayestuka: jitu lote hili linaombaje ruhusa badala ya kupita tu? Hapo hakuna damu wala kelele, na mimi nilikuwa nimeshapandisha miguu kwenye kochi. Bibi alikuwa akitukataza kuitika tukiitwa usiku mpaka jina lirudiwe. Tulimcheka sana.

Kuna pia wimbo mmoja wa blues unaowaleta ukumbini wacheza ngoma wa Afrika ya kale pamoja na DJ wa miaka ijayo. Nilirudisha nyuma mara mbili. Kilichonikera ni ile vita ya bunduki kunapokucha, naona kama kipande cha muvi nyingine kimeshonewa pale. Mdogo wangu hataki kusikia hilo, anasema ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote.

Yeye ni mtu wa ngumi, ndiye aliyetaka John Wick: Chapter 4. Dakika 169! Zile ngazi 222 za Paris nazikubali: jamaa anapanda akipigana, anakaribia juu, anaporomoshwa mpaka chini, anaanza upya. Nilicheka mpaka machozi. Ila suti haipiti risasi, akidondoka kutoka dirishani anajikung'uta. Steringi hafi kabla ya mwisho, hilo tunalijua tangu enzi za vibanda umiza vya video, lakini njiani nitishe basi hata kidogo kwamba huenda akafa.

The Raid ya 2011 inatisha. Kikosi cha polisi kinaingia jengo la maghorofa Jakarta kumfuata bosi wa dawa za kulevya, kinafungiwa humo humo. Mwongozaji ni Gareth Evans, mtu wa Wales, na steringi ni Iko Uwais anayepigana pencak silat, mapigano ya jadi ya kwao Indonesia. Unaona ngumi ilikotoka na ilikotua, kamera haikufichi kitu. Lakini kilichonibana pumzi si ngumi. Askari kijana na mwenzake aliyejeruhiwa wanagonga kwa mpangaji anayeuguza mkewe. Yule baba hataki, anajua kitakachompata. Anafungua. Anawaficha nyuma ya ukuta, wenye mapanga wanaingia na kuanza kuuchoma ukuta huo. Panga moja linapenya, linamchana kijana shavu. Halii. Linapochomolewa anaifuta damu kwenye bapa, lisitoke na ushahidi.

Ukitaka kinyume cha yule baba, tazama Train to Busan ya Wakorea, 2016. Mazombi hayakunikasirisha hata kidogo. Waliniudhi abiria wazima waliokamatia mlango wa behewa, wenzao wakiugonga upande wa pili.

Tulipokuwa kwenye lile panga umeme ukakatika. Giza totoro, mimi, Mama na mdogo wangu, hakuna anayepumua. Mara mlangoni, "Hodi hapa!" Ni jirani, alitaka kujua kama umeme umekatika kwake tu.

Hata Mama hakuitika.