Nenda na kusi: Tanga, Muheza na Pangani kwa baiskeli

Mara ya kwanza tulitoka Tanga kwenda Pangani mwezi wa Julai, watu watatu, mbwembwe tele. Simu ilisema kilometa 50, njia karibu yote tambarare, ndani ya saa tatu na nusu tumefika. Tuliondoka saa moja asubuhi tukaingia Pangani saa kumi jioni, midomo imepasuka, na mmoja wetu hakusema neno tangu Kigombe, kijiji cha wavuvi njiani. Mlima haukuwepo. Kilichotupiga ni upepo wa kusi, usoni, mwanzo hadi mwisho, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo nao ulivyozidi.

Naona haya kuyasema haya kwa sababu mimi ni mtoto wa pwani. Nimekua nikisikia wazee wakipanga kila kitu kwa kusi na kaskazi: lini jahazi litoke, lini samaki watakuwa wengi, lini dau lipandishwe nchi kavu likatengenezwe. Upepo wa kusi, wa kutoka kusini, unashika kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, kaskazi, wa kutoka kaskazini, unakuja Novemba mpaka Machi. Hakuna nahodha ambaye angefanya tulichokifanya sisi. Lakini tukishapanda baiskeli tunajifanya tuna injini.

Tangu siku ile, anayeniomba ushauri wa safari ya baiskeli namwambia aanze na upepo, kisha watu wa njiani, ramani iwe ya mwisho. Wenzangu wananiita mganga wa kienyeji. Sawa tu.

Mzunguko ninaoupenda mimi ni wa pembe tatu: Tanga, Muheza, Pangani, kisha Tanga tena. Jumla ni kama kilometa 130. Mwenye haraka anaumaliza kwa siku mbili, lakini mwenye akili anachukua siku tatu, usiku mmoja Muheza na mwingine Pangani. Msimu wa kusi uzungukeni hivyo hivyo nilivyoutaja. Unapanda taratibu kwenda Muheza, mji ulio juu kidogo ya usawa wa bahari, unateremka taratibu kwenda Pangani, na kipande cha mwisho cha pwani, kilichotutoa roho sisi, unakipita upepo ukiwa mgongoni. Mwezi wa Januari au Februari geuza, anza na Pangani. Machi mpaka Mei kaa nyumbani. Masika ya Tanga si mvua ya kuloweshana tu. Udongo mwekundu wa huko ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na utaibeba baiskeli badala ya yenyewe kukubeba wewe.

Kipande cha Tanga hadi Muheza sikipendi. Ni barabara kuu, mabasi ya Dar na malori, na dereva wa basi anayewahi stendi hana habari na mtu wa baiskeli. Toka saa kumi na mbili kamili, pita Pongwe kabla mabasi hayajachanganya, na kuanzia hapo unaweza kujipenyeza kwenye njia za mashamba ya mkonge kuelekea Ngomeni. Yale ni mashamba ya watu, kwa hiyo ukimkuta mlinzi simama, msalimie, omba njia. Sijawahi kukataliwa, ila nimewahi kuhojiwa nusu saa kuhusu bei ya baiskeli yangu.

Mkonge wenyewe nauheshimu kwa tahadhari. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893. Miche 1,000 ilitoka Florida, 62 tu ikafika hai, ikapandwa Pangani, na kutoka kwa hiyo 62 ndiyo yakaja mashamba unayoyaona mpaka macho yachoke. Kila jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na majani yaliyokatwa huangukia njiani. Mwiba huo ulinipata kati ya Muheza na Boza, kwenye tairi la nyuma, saa tano mchana.

Nilikuwa na tyubu moja ya akiba. Niliivalisha, nikaenda kilometa mbili, mwiba wa pili. Nikasukuma mpaka kwenye vibanda vitatu vya barabarani, na kama ilivyo kila mahali nchi hii, chini ya mwarobaini palikuwa na fundi: benchi, karai la maji, pampu ya miguu, na tyubu kuukuu zimening'inia tawini kama mikunga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole. Umetoka nayo mbali?"

Akaizamisha tyubu kwenye karai, akaibana taratibu, mapovu yakapanda. Akakwangua kwa kipande cha bati alichokitoboa mwenyewe kwa msumari, akapaka solesheni, akapuliza, akasubiri. Hakuwa na haraka. Kiraka kilishika vizuri kuliko vile vya kununua. Shida ikaja kwenye kujaza upepo. Baiskeli yangu ni ya kisasa, vali zake nyembamba, na mdomo wa pampu yake ni wa vali nene za Phoenix na za pikipiki. Pampu yangu ndogo ilikuwa imenifia pale pale kwenye mwiba wa pili. Mzee akaigeuza ile vali kwenye vidole, akanitazama.

"Hii ya wapi?"

Nikamwambia bei niliyonunulia. Hakucheka, ila kijana aliyekaa pembeni alicheka kwa niaba yake. Mzee akachukua tupa ya mviringo, akaanza kulipanua tundu la ringi, taratibu, kama anayenoa kisu, mpaka vali nene ikapita. Akanivalisha tyubu ya kawaida, ile inayouzwa duka lolote kati ya Lunga Lunga na Lindi. Kazi ya dakika arobaini. Alitaka elfu tatu na tyubu juu, nikampa zaidi akanirudishia chenji.

Nafikiria bado kuhusu ringi ile. Mtu wa dukani mjini angeniambia nimeharibu baiskeli. Mimi naona ndiyo siku ilipotengenezwa. Kwenye njia za pembeni baiskeli nzuri ni ile fundi wa chini ya mti anayoijua: tairi la inchi 26 au 28, vali nene, breki za waya, keria ya chuma inayoweza kuchomelewa. Breki za mafuta ni tamu sana mpaka siku zitakapovuja ukiwa Boza. Najua kuna watakaobisha, hasa waliokwishanunua.

Kuhusu njia, mzee yule yule ndiye aliyenifundisha namna ya kuuliza. Ukiuliza "Pangani ni mbali?" utajibiwa "hapo tu", na hapo tu inaweza kuwa kilometa mbili au ishirini, kwa sababu anayejibu anakupa moyo, hakupimii. Uliza mtu mwenye baiskeli iliyobeba mzigo. Usiulize umbali, muulize wapi anashuka kusukuma. Anayepeleka magunia mawili ya mkaa au mikungu ya ndizi sokoni anakijua kila kilima kwa magoti yake, anajua mchanga umejaa wapi tangu mvua iliyopita, na kalvati lipi limekwenda na maji. Siku ile kijana mmoja wa nazi aliniambia nikifika kwenye mwembe mkubwa niache barabara, nishike kinjia cha kushoto. Simu haikukionyesha kabisa hicho kinjia. Kilikuwa kigumu kama sakafu, kivuli cha minazi mwanzo mwisho, na barabara kubwa niliiona kwa mbali upande wa kulia, pikipiki zinaogelea mchangani.

Maji yasikusumbue kichwa sana, beba lita mbili, vibanda vipo na madafu yapo. Chakula vivyo hivyo. Muheza utakula machungwa mpaka uchoke, Pangani kuna samaki. Hema nililibeba safari moja, sikulifungua, nikaliuza.

Siku ya tatu ndiyo malipo. Unatoka Pangani kabla ya saa moja, kusi unakuja nyuma taratibu, na kufikia Kigombe unakuwa na nguvu kamili. Unaweka gia nzito, miguu inazunguka kama haina kazi. Kigombe simama unywe chai na wavuvi. Maji ya mbele yao ndiko anakopatikana silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zama za dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hifadhi ya bahari ya Tanga iliyoanzishwa mwaka 2009 imechukua jina lake. Mbele zaidi, Tongoni, ingia kwenye magofu. Msikiti wa kale na makaburi ya nguzo yaliyoelemea, mibuyu, kimya. Ni bahari ya hapo jirani ambapo Vasco da Gama aliitelekeza na kuichoma moto meli yake São Rafael mwaka 1499, mabaharia waliobaki wakiwa hawatoshi kuendesha meli zote. Alikuwa amerudi kutoka India kwa kubishana na upepo usiokuwa wake. Nilipokuwa nimekaa chini ya mbuyu pale, nilimwonea huruma kidogo.

Barabara hii ya Tanga hadi Pangani ndiyo iliyopangiwa lami, na ujenzi umekuwa ukiendelea kwa miaka. Baadhi ya waendesha baiskeli wanalalamika kwamba utamu utakwisha. Mimi siwezi kusimama kwenye kundi hilo. Mama mjamzito wa Kigombe hahitaji vumbi langu la kimahaba, anahitaji kufika hospitali. Nitakachoomba, kama kuna anayesikiliza, ni ukingo wa lami wa upana wa mita moja na nusu, kwa ajili ya wale wa mkaa na nazi zaidi ya sisi wa kofia ngumu. Wao wanapita kila siku, na gizani.

Mwaka huu tunaondoka Jumamosi ya pili ya Julai, kwa upande wa Muheza. Yule aliyenuna Kigombe anakuja tena. Ameshanunua tyubu mbili za vali nene, na jana alinipigia kuuliza tupa ya mviringo inauzwa duka gani.