Nionyesheni mikataba kwanza

Kila serikali siku hizi ina asilimia yake. Ikifika mwaka fulani, sehemu fulani ya umeme itatokana na jua, upepo na maji, na iliyobaki itatoka kwenye gesi na makaa ya mawe. Asilimia hizo husomwa mikutanoni na kupigiwa makofi, kisha ubishi unaofuata ni uleule: huku wanataka mafuta ya kisukuku, yaani makaa ya mawe, petroli na gesi, yaachwe leo, kule wanasema nchi haiendeshwi kwa jua. Nimeufuatilia ubishi huu kwa miaka na unanisikitisha, kwa sababu pande zote zimeng'ang'ania chanzo cha umeme na kuliacha swali linaloumiza mfuko wa mwananchi: mtambo ukikaa bila kufanya kazi, nani analipa?

Tazama yaliyoipata Ghana. Kuanzia 2012 hadi 2015 watu wa kule walipitia mgawo mkali wa umeme, wakaupa jina kabisa: dumsor, yaani "zima, washa" kwa Kiakan. Serikali ikabanwa, uchaguzi wa 2016 nao unakaribia, mikataba ya mitambo mipya ikasainiwa mmoja baada ya mwingine. Giza likapungua kweli. Lakini Julai 2019 waziri wa fedha, Ken Ofori-Atta, akasimama bungeni kueleza kwamba nchi ina mitambo ya zaidi ya megawati 5,000, karibu mara mbili ya mahitaji yake ya juu kabisa, na kwamba inalipa zaidi ya dola nusu bilioni kwa mwaka kwa uwezo isiouhitaji.

Mikataba hiyo ni ya "chukua au lipa". Mwenye mtambo analipwa uzalishe usizalishe, mara nyingi kwa miaka 20 au 25, na mara nyingi malipo yanahesabiwa kwa dola ya Marekani. Namwelewa mwekezaji, amekopa, na benki haitampa mkopo bila uhakika wa mapato. Ila mkataba wa namna hiyo ukishawekwa saini, hiyo ndiyo sera ya nishati ya nchi kwa robo karne. Mawaziri watabadilika, bei ya paneli za jua itashuka, betri zitakuwa bora zaidi, na ule mtambo bado utakuwa unadai chake kila mwezi.

Pakistan imeonyesha mwisho wa njia hiyo. Ilijenga mitambo mingi ya makaa ya mawe na gesi kwa mikataba ya aina hii. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya gesi ya kimiminika ikapaa, na meli zikawa zinakwenda Ulaya, kwenye wanunuzi wenye fedha zaidi. Sarafu ya Pakistan nayo ikaporomoka. Ankara za umeme zikawa mzigo usiobebeka, na watu wakajiamulia wenyewe. Mwaka 2024 peke yake Pakistan iliingiza kutoka China paneli za takriban gigawati 17, yaani megawati 17,000. Viwanda vilijiwekea paneli, wakulima walizifunga kwenye pampu za visima vyao, nyumba zikaziweka juu ya paa.

Ukilisikia juu juu, hilo ni jambo la kufurahia. Sasa fikiria aliyebaki kwenye gridi. Yale malipo ya mitambo iliyolala hayakupungua hata senti, ila wanaoyagawana wamepungua. Kila tajiri anayefunga paneli zake anamwachia jirani deni kubwa zaidi, na jirani huyo ndiye mpangaji asiye na paa lake au mtu asiye na akiba ya kununua paneli. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Maskini analipia umeme ambao haukuzalishwa, ili mkataba ambao hakuwahi kuuona uheshimiwe.

Nikisema haya naonekana adui wa gesi. Siyo. Anayedhani jua linatosha peke yake aketi na wanaoendesha gridi saa moja jioni. Umeme kwenye nyaya hauna ghala. Unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika sekunde kwa sekunde, na kipimo cha ulingano huo ni namba moja kwenye skrini: mizunguko 50 kwa sekunde katika nchi nyingi. Jua linazama, paneli zinafifia, na wakati huohuo watu wanarudi majumbani, taa zinawaka, majiko yanawashwa. Namba inasoma 49.9, kisha 49.8. Ikiachwa ishuke zaidi, vifaa vya ulinzi vinaanza kukata maeneo ili kuokoa yaliyobaki. Katika dakika hizo unahitaji kitu kinachoitika ukikiita. Mtambo wa gesi wa kuwashwa haraka unaweza kuingia ndani ya dakika chache. Wa makaa ya mawe, ukiwa umepoa, unachukua saa nyingi, na hiyo ndiyo sababu ninauona haufai kabisa kuwa mshirika wa jua.

Betri inaitika upesi kuliko yote. Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme Australia Kusini, baadhi ya mashamba ya upepo yakajitoa kwa sababu ya jinsi ulinzi wake ulivyopangwa, na jimbo zima likaingia gizani. Wapinzani wa upepo walisherehekea. Jimbo lenyewe lilirekebisha mipangilio ile, kisha mwisho wa 2017 likawa na betri ya megawati 100 pale Hornsdale. Wiki chache baadaye mtambo wa makaa ya mawe katika jimbo la jirani, Victoria, ulizimika ghafla, na betri ile ikaanza kusukuma umeme kwenye nyaya kabla ya sekunde chache kupita. Uwezo wake ni wa muda mfupi, lazima tukubali. Betri itakuvusha jioni. Wiki mbili za mawingu na upepo uliolala ni habari nyingine.

Kuegemea upande mmoja kumeumiza kila mtu, wa kijani na wa moshi. Zambia ilitegemea maji ya bwawa la Kariba, ukame wa 2024 ukaipiga, umeme ukawa wa saa chache kwa siku. Texas ilitegemea gesi, na baridi ya Februari 2021 ikagandisha visima na mabomba. Watu zaidi ya 200 walikufa, na kilichopotea kwa wingi kuliko vyote kwenye gridi kilikuwa umeme wa gesi, ingawa wanasiasa walikimbilia kuilaumu mitambo ya upepo.

Kwa hiyo mimi ningebakiza mitambo ya gesi iliyopo, ibadilishiwe kazi: ilipwe kiasi cha kuiweka tayari, kwa mkataba wa miaka michache unaoweza kuzungumzwa upya, na iwashwe jioni na siku za dhiki. Uingereza imeifunga mitambo yote ya makaa ya mawe, wa mwisho ukiwa Ratcliffe-on-Soar uliozimwa tarehe 30 Septemba 2024, lakini ya gesi bado ipo, na upepo ukilala ndiyo inayoitwa.

Kuna hoja ninayoiheshimu. Nchi iliyogundua gesi yake inauliza kwa nini iambiwe iiache ardhini na mataifa yaliyotajirika kwa makaa ya mawe. Ni swali la haki, na sina ubavu wa kumwambia mtu asiyewahi kuwa na taa kwamba angoje. Ninachosema ni kwamba hata gesi ya kwako huichomi bure. Mtambo ni wa mkopo, bomba ni la mkopo, na kuichoma saa sita mchana jua likiwa kali ni kuiteketeza gesi ambayo ingetengeneza mbolea au kupikia.

Jua nalo lina mtego wake, nao ni riba. Paneli hazinunui mafuta, kwa hiyo karibu gharama yote inalipwa siku ya kwanza, kwa fedha za kukopa. Nchi inayokopeshwa kwa riba ya asilimia 15 inapata umeme ghali kutoka kwenye jua lilelile ambalo nchi ya riba ya asilimia 4 inalivuna kwa bei rahisi. Serikali ikitaka kusaidia kweli, iweke nguvu hapo, na kwenye nyaya za kusafirisha umeme, maana shamba la upepo lisilofikiwa na nyaya ni mapambo tu.

Mradi mwingine utatangazwa, wa gesi au wa jua, na picha ya kukata utepe itasambaa. Nitautafuta ukurasa wa malipo. Mtambo ukizimwa mwezi mzima tunalipa kiasi gani, kwa sarafu gani, hadi mwaka gani?