Kijana wa Kijenge, Arusha, anadaiwa uzalendo gani?

Mwenge wa Uhuru ukikaribia kuingia mkoani, lawama huwa ileile: vijana wa siku hizi hawana uzalendo. Wazee wa Arusha wana sababu ya kuisema kwa sauti kuliko wa kwingine. Azimio la Arusha, lile la Ujamaa na Kujitegemea, lilibeba jina la mji wao. TANU ililipitisha hapa Januari 1967, likatangazwa Februari 5, na mwaka huohuo vijana wakatembea kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani. Leo pale Kaloleni kuna makumbusho ya Azimio, na mnara wa Mwenge uko jirani. Muulize konda kijana ule mnara ni wa nini, huenda akakujibu kuwa ni kipilefti.

Lawama hiyo si ya bure. Mkutano wa mwisho wa mtaa niliohudhuria ulijadili mtaro unaofurika kila masika na ulinzi shirikishi. Waliokuja ni akina mama wa vikoba, wastaafu, na wapangaji wachache. Vijana walikuwa hatua mia kutoka pale, kwenye banda la kubeti. Ni haohao ambao mvua ikinyesha hupiga picha za mtaro na kuuliza serikali iko wapi. Ofisi ya mtaa wanaikumbuka siku wanapotaka muhuri kwenye barua ya utambulisho, ya NIDA au ya dhamana ya rafiki. Hapo siwatetei.

Ila anayesema hawajui uraia hajakaa kijiweni. Vijiwe vingi vya bodaboda vina mwenyekiti, katibu na mweka hazina waliochaguliwa. Kuna kiingilio, kuna faini ya kuruka foleni, kuna mchango wa msiba na wa ajali. Hesabu husomwa mbele ya wote, na anayechezea pesa huondolewa jioni hiyohiyo. Huo ni uraia, tena mkali kuliko wa mtaani. Kijiweni kijana akisema neno, matokeo yake anayaona kabla wiki haijaisha.

Kwenye uchaguzi ameona nini? Mwaka 2019, kwenye serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na sehemu nyingi wagombea wa CCM wakapita bila kupingwa. Aliyetimiza miaka 18 mwaka ule alikwenda kujifunza kupiga kura mahali pasipo na kura. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 walipiga kura kama asilimia 67 ya walioandikishwa; 2020 wakashuka hadi karibu nusu. Halafu Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, Arusha ikiwemo. Watu walikufa, intaneti ikazimwa. Unaweza kulilaani tukio lile kwa majina mengi, lakini kutojali halimo.

Tena kuna wanaohesabiwa wazembe kwa sababu ya kalenda tu. Kujiandikisha kwa uchaguzi wa mitaa wa 2024 kulikuwa Oktoba 11 hadi 20, kwenye orodha tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na ilibidi ufike mwenyewe mtaani kwako. Mpagazi wa Moshi, “mgumu” kama wanavyoitwa, anayebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro anaweza kukaa wiki nzima mlimani kwa safari moja. Akishuka na kupata nyingine, dirisha limefungwa.

Wapo wanaosema dawa ni JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo tangu 2013 imerudi kuchukua wahitimu wa kidato cha sita. Sina ugomvi nayo. Inafundisha nidhamu na ukakamavu. Kusoma mapato na matumizi ya mtaa, na kumuuliza mtendaji zile pesa za mtaro zilikwenda wapi, ni somo jingine.

Kinachonisumbua katika simulizi la wazee ni mahali linapokatikia. Azimio halikuwadai wananchi peke yao. Lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni, kupangisha nyumba. Waliotembea mwaka ule walitembea kwa ajili ya mapatano yaliyowabana wakubwa kwanza. Mwaka 1991, kule Zanzibar, CCM ikayalegeza masharti hayo. Kijana wa Kijenge aliyezaliwa miaka kumi baadaye anasomewa upande wake wa mkataba. Upande wa pili anausikia makumbusho, akilipa kiingilio.

Hata hivyo kusubiri wakubwa waanze ni kisingizio kizuri mno, na mtaro hausubiri. Mikutano yetu huitwa Jumamosi asubuhi, saa ambazo bodaboda anapata hela ya siku sokoni. Ningeanza kwa kuihamishia jioni, pale kijiweni penyewe, hesabu zisomwe kama wao wanavyosomeana. Wapo watakaobaki kwenye kubeti. Ila mwenyekiti wa mtaa atakuwa amekaa mbele ya watu waliozoea kumwondoa mweka hazina jioni hiyohiyo, na sina hakika kama yeye mwenyewe atakubali mwaliko.